Kustaafu Nimekubali, Kuhama Sijakubali

Mheshimiwa Mwenyekiti wa mtaa, ambaye kochi lako nililishona kabla hujawa mheshimiwa, ukaniomba niweke sponji nene upande mmoja tu, ule unaokaa wewe, mama mkuu wa shule ya watoto wadogo, uliyenunua stuli zangu, na watoto wa mtaa mzima wakajua kukaa juu ya kazi ya mikono yangu kabla hawajajua kuhesabu, ndugu mafundi wenzangu, mnaojua kazi na mnaojifanya mnajua, majirani wapendwa, ndugu wageni mlioalikwa, na nyinyi ambao hamkualikwa ila mmeona turubai mkapiga hesabu zenu, na mwisho kabisa, kwa sababu ni wangu na hawatanuna, watoto wangu watatu: hamjambo?

Sijawasikia. Nimesema hamjambo? Haya, hiyo ndiyo sauti ya watu walioshiba.

Naanza kwa kumrekebisha mshereheshaji. Kijana, umesimama hapa na suti yako inayong'aa kama sufuria mpya, umesema, "Sasa namkaribisha mzee wetu, baba mzazi wa mmoja na baba wa kambo wa wawili." Nani alikuomba mchanganuo? Mimi nikikuletea kochi huwa nakuambia mguu huu ni wa mti huu, na ule ni wa mti mwingine? Unakaa. Likikubeba, limekubeba. Nimekusamehe kwa sababu umri wako ni mdogo na kipaza sauti ni cha kukodi.

Jambo la pili. Binti yangu muuguzi ameniandikia hotuba, iko hapa mfukoni, kaiandika kwa herufi kubwa kama za bango la duka. Ni nzuri, alinisomea. Lakini mimi na kusoma tuliachana zamani. Nilifika pale herufi zinapoanza kushikana mikono, nikaona haya sasa ni mambo yao wenyewe, nikatoka darasani. Kwa hiyo nitasema kwa mdomo wangu, na asiyependa aangalie chini.

Mmeitwa hapa, mbele ya geti letu, kwa mambo mawili kwa mpigo: kunistaafisha na kunisafirisha. Nimepewa zawadi ya sanduku la magurudumu, mmeliona. Na lile lori pale limebeba kitanda changu, kabati langu, cherehani nzito na magunia ya sponji, na hotuba zikiisha natakiwa nipande mbele, nipunge mkono kama waziri, niende kuishi kwa mwanangu katika mji mwingine, ghorofani, mahali ambapo ukitema mate yanachukua muda kufika chini.

La kustaafu sina ubishi nalo. Mgongo umegoma, na sindano sasa naiona ina matundu mawili, uzi unaingia kwenye lile ambalo halipo. Lakini kabla hamjapiga makofi, mjue mnamstaafisha nani. Kochi la kona katika mji huu nililileta mimi. Wapo wanaobisha. Nendeni majumbani kwao mkaone wamekalia nini, halafu mrudi mnieleze. Makochi yangu yamezaa wajukuu. Watu wamechumbiana juu yake, wameachana juu yake, wamelala juu yake usiku ambao wake zao walifunga mlango wa chumbani, na hakuna hata mmoja aliyerudi kulalamika kuhusu springi.

Sasa nataka kuongea kuhusu nyumba hii, kwa sababu ndiyo iliyonileta kwenye kipaza sauti.

Marehemu mke wangu sikumpata dansini. Yeye alikuwa mshona sare za shule, mjane, na alikuja karakana kwangu na kiti. Mimi nilikuwa na mwanangu mmoja tu, mama yake alikuwa ameshaondoka zake, na akili zake timamu. Nikakizungusha kile kiti, nikamwambia, "Mama, aliyetengeneza hiki alikuwa na hasira na mtu."

"Aliyekitengeneza ni marehemu mume wangu."

Mtu mwingine angeomba radhi. Mimi nikasema, "Basi alikuwa na hasira na wewe."

Akaniangalia, akavuta stuli, akakaa. "Tengeneza, fundi. Usitukane."

Hakuondoka mpaka nikamaliza, na kila msumari niliopigilia alikuwa na la kusema. Nikajua mwanamke huyu nisipomuoa ataendelea kuja kunikosoa bure. Bora nimuoe, anikosoe kihalali.

Nikahamia hapa kwake. Najua mlivyosema. Mwanaume kahamia kwa mke, katika nyumba iliyojengwa na mume mwingine. Mlisema, na wengine mlisemea juu ya viti vyangu. Nyinyi hamkuniumiza. Aliyenipa shida ni yeye mwenyewe marehemu wa kwanza, ambaye picha yake iko sebuleni ukutani. Mke wangu hakuitoa na mimi sikuomba itolewe, mimi siogopi mtu aliye kwenye fremu. Lakini mwanzoni, nikila, alikuwa ananiangalia kama anahesabu matonge. Baadaye tulizoeana. Nikigombana na mke nilikuwa namtazama, na namuona kabisa anasema: ndugu yangu, mimi nilijaribu.

Watoto ndio hawa. Huyu mrefu ni mwanangu niliyekuja naye, tunamwita Ghala kwa sababu anasimamia ghala huko anakokaa na kila kitu lazima akipange. Yule ni binti, muuguzi, ambaye hata leo amenipima presha kabla hajanisalimia. Na yule mdogo wake ni kinyozi, mwenye mikono myepesi na mdomo mzito. Hao wawili mke wangu alikuwa nao tayari.

Ghala na Kinyozi walipewa chumba kimoja chenye vitanda viwili, kimoja kiko dirishani. Hapo tu, vita. Mimi nikasema mwanangu ana kifua kibaya, anahitaji hewa. Mke wangu akasema mwanawe amelala pale tangu aache kunyonya. Nikasema basi alale kwingine, ameshakua. Akasema, "Na wewe umeshakua, mbona unagombania dirisha?" Tukanuniana. Ilifika mahali chai inaletwa haina sukari, na mimi nakunywa bila kuuliza, kwa kiburi, naifurahia kabisa.

Ndipo akatukusanya wote jikoni, ameshika mwiko. Akasema, "Humu ndani kuna kambi mbili, na mimi sitaki kuishi mpakani. Kuanzia leo hakuna anayemtetea wa kwake. Wewe fundi utawatetea wangu. Mimi nitamtetea wako. Na nyinyi watoto, kukiwa na shauri, kila mmoja aseme la mwenzake, asiseme lake. Atakayejitetea au kumtetea wa kwake, ataosha vyombo vya nyumba nzima."

Nikauliza, "Sheria hiyo umeitoa wapi?"

"Umeshaanza kujitetea. Sinki hilo."

Ndugu wageni, hebu jaribuni nyumbani kwenu mwone. Shauri la kitanda likarudi palepale. Ghala akatakiwa aeleze kwa nini mwenzake apewe dirisha. Akajikuna, akasema kwa shingo upande, "Huyu anaogopa giza. Pale dirishani inaingia taa ya barabarani." Mama yake mzazi alikuwa hajui. Kinyozi aliona aibu, nikadhani atamrukia. Akasema, "Na huyu akikohoa anajiziba na mto ili asituamshe." Mimi baba yake nilikuwa sijui. Sisi wakubwa tuliangaliana pale jikoni, tumezidiwa akili na watoto. Tukavisogeza vitanda vyote viwili dirishani, vikabanana kama wagonjwa kwenye benchi la hospitali.

Mnaelewa ilivyokuwa inafanya kazi? Huwezi kumtetea mtu usiyemjua. Lazima umchunguze, na ukimchunguza mtu kwa nia ya kumtetea, mwishowe unaanza kumwamini, hata kama hujapenda. Mimi sikupenda. Mimi nilitaka amani yangu na chai yenye sukari.

Nitawapa mfano mmoja tu, na Mwenyekiti anaujua kwa sababu kitambaa kilikuwa chake. Kinyozi alikuwa bado mtoto wa shule, ameanza kunyoa wenzake uani, akaona wateja wake hawana nguo ya kujifunika. Akaingia karakana, akachukua kitambaa cha kochi la Mwenyekiti, akakikata katikati. Mke wangu akafungua kesi jikoni. Sasa nani wakili wa mshtakiwa? Mimi, niliyeibiwa. Nikasimama na hasira zangu zote, nikakiangalia kile kitambaa nitafute pa kuanzia, nikasema, "Mheshimiwa, mkato umenyooka."

Akauliza, "Wakili, una lingine?"

"Ninalo. Rangi hii ilikuwa mbaya. Kijana ameokoa sebule ya watu."

Nikamshonea Mwenyekiti kitambaa kingine cha rangi inayoeleweka, na mpaka leo wageni wakikisifu anasema alichagua mwenyewe. Lakini kijana huyu, ambaye tangu nihamie alikuwa ananiita "wewe", siku ileile alinifuata barazani akasema, "Baba, nikunyoe?" Nikampa kichwa changu. Aliniharibu, wazee mnakumbuka. Nilipita mtaa mzima na kichwa kile nimekiinua juu, na aliyecheka nilimwambia akanyolewe na wa kwake tumwone.

Basi. Mwaka jana mke wangu akatangulia. Sitalisemea sana hilo, kipaza sauti hiki kinakwaruza.

Mwezi uliopita watoto wakaitisha kikao jikoni, kuhusu mimi. Mimi nikaambiwa nikae barazani kwa sababu mimi ndiye shauri lenyewe. Nikakaa. Wakatoka wamekubaliana kwa kauli moja: Baba aende kwa Ghala. Wote watatu wanasema ni jambo jema, na wote watatu hawaniangalii usoni. Nami ningesema nini? Nyumba si yangu, imejengwa na yule bwana wa kwenye fremu. Na sheria ya nyumba inakataza mtu kujitetea. Mimi, ambaye sijanyamaza hata kwa daktari wa meno, nikanyamaza. Nikawaacha wanifungie kabati.

Leo asubuhi muuguzi alikuwa ananifunga hii tai. Nikamwona.

"Mama, unalia nini?"

"Silii, Baba. Ni poda."

"Poda gani inatiririka?"

Akaikaza tai mpaka nikakohoa. "Nilimtetea kaka vizuri mno kule jikoni," akasema. "Nilisema sisi tumekufaidi, yeye yuko mbali miaka yote hii, sasa ni zamu yake. Nilitegemea atabisha."

"Hakubisha?"

"Alitutetea sisi. Alisema hii ni nyumba ya baba yetu na ni haki yetu tupumue. Kinyozi naye akawatetea watoto wa kaka, kwamba wanahitaji babu."

"Na mimi nani alinitetea?"

"Wewe ulikuwa barazani."

Nikatoka nje nikamkuta Ghala juu ya lori anafunga kamba. Nikamuuliza kutoka chini, "Unanitaka kwako?"

"Chumba kiko tayari, Baba."

"Sijauliza chumba."

Akaikaza kamba ambayo ilikuwa imeshakaza. Akasema, huku amenipa mgongo, "Wewe ukitoka humu, mimi nitakuwa nakuja hapa kama nani? Nitasimama getini nibishe hodi?"

"Sasa kwa nini unanibeba?"

"Nilikuwa nawatetea hawa."

Kinyozi sikumuuliza kitu. Alikuwa amejifungia bafuni na mashine yake ya kunyolea inanguruma, na humo ndani hakuna mteja.

Mheshimiwa Mwenyekiti, ndugu wageni waalikwa, mnaona tulipofika? Mzee mzima nimefungwa kamba kwenye lori kwa sababu ya adabu. Kuna familia zinagawana mzee kwa kugombana, kila mmoja anamsukumia mwenzake. Hawa wangu wamenigawa kwa heshima, kila mmoja kaning'ang'ania moyoni, kisha kanitoa kwa mwenzake kama mtu anayempisha mgeni kiti. Na nani kawafundisha? Sisi wenyewe. Mke wangu alikuwa na akili kupita wote walioko hapa, nikiwemo mimi, na hilo sitalirudia. Lakini ile sheria yake ilikuwa na hakimu, naye hakimu alikuwa yeye. Alikuwa anajua kuwasikiliza mawakili halafu anauliza, "Haya, na wewe mwenyewe unataka nini?" Hakimu kaondoka, mawakili wamebaki peke yao jikoni, na kila mmoja ameshinda kesi asiyoitaka.

Kwa hiyo leo naivunja sheria, mchana kweupe, mbele ya serikali ya mtaa. Najitetea. Adhabu yake naijua, na naona vyombo vya leo ni vya mtaa mzima.

Siombi nyumba. Kuta ni za bwana yule, paa ni lake, na hati ni ya wanawe, sawa. Ninachoomba ni kukaa ndani yake. Nastaafu makochi. Watoto nani kanistaafisha? Nataka asubuhi nisikie Kinyozi akiimba vibaya bafuni, nimwambie. Nataka muuguzi akirudi zamu anifokee kuhusu chumvi, na mimi niseme sikuweka, na yeye anajua niliweka. Nataka Ghala aje na wanawe, waingie bila kupunguza mwendo, wavunje kitu, nikitengeneze, wavunje tena. Huko ghorofani kwa mwanangu ni kuzuri, sikatai, kuna mpaka lifti. Lakini mkwe wangu ana heshima kupita kiasi, kila nikisemacho anaitikia "ndiyo, Baba". Mtu kama mimi nikikosa wa kunibishia, mwezi hauishi mtakuwa mmerudi chini ya turubai hili, na safari hiyo sitahutubia.

Watoto wangu, simameni. Wote watatu. Ghala, toka nyuma ya hiyo nguzo, haikufichi. Nawauliza hapa hapa, na sitaki kusikia mtu anamtetea mwenzake. Kila mmoja ajibu lake. Niende au nibaki?

Muuguzi, anza. Paza sauti, huko nyuma hawasikii. Amesema nibaki, ila sponji zangu zitoke sebuleni na dawa nimeze bila kuzificha chini ya kochi. Mnasikia? Nimeomba kukaa, nimepewa masharti. La dawa nitalifikiria. La sponji nimelikataa hapa hapa.

Kinyozi. Mwanangu, hawa watu hawawezi kusikia kichwa kikitikiswa. Sema. Amesema, "Abaki." Mpigieni makofi, hajawahi kutoa hotuba ndefu hivyo.

Ghala. Wewe ndiye uliyepanga chumba, ukanitundikia na pazia. Nalijua hilo. Kwako nitakuja, nitakaa mpaka mkwe wangu ajifunze kunijibu vibaya, ndipo nirudi. Sasa sema lako. Usiangalie viatu, viatu havina jibu. Umesemaje? Rudia, mwanangu, mimi mwenyewe sijakusikia.

Amesema nibaki. Na amesema anaomba naye apewe ufunguo wa mlango.

Mwenyekiti, wewe ni shahidi, geuka uangalie kwa sababu mimi macho yangu yana poda. Muuguzi anafungua mkoba. Anautoa wake kwenye mnyororo, anahangaika nao, Kinyozi amemsaidia. Amempa. Ghala, umeutia mfukoni? Utie ule wa ndani, wenye kifungo. Hodi ni ya wageni, na wageni ni hawa waliokaa mbele yangu.

Sasa nawashukuru. Nashukuru waliopika, waliofunga turubai, na waliosema mazuri juu yangu ingawa hawakuyamaliza yote. Sanduku la magurudumu nimelipokea na silirudishi, nitatunzia uzi. Ndugu dereva wa lori, shuka ufungue kamba. Ndugu waalikwa, njia ya kutokea inapita ubavuni mwa lori, na kila atakayepita ashike kitu kimoja akiingize ndani. Kabati ni la mafundi, mnajua pa kulishika. Cherehani wabebe vijana wawili, mshereheshaji akiwa mmojawapo, avue koti. Mwenyekiti, wewe chukua mto. Mmenipa masikio yenu na nimeyatumia vizuri, nawashukuruni sana. Sasa naomba mikono.